Tisa Ambao Nyigu Hawakuwauma

Rumonge, 20 Julai 1962

Mudogo wangu Feruzi,

Amahoro. Hapa tuko wazima kwa kiasi chetu. Mgongo unanisumbua kwa kuinamia mikeka ya kuanikia ndagala, hivi visamaki vya ziwa, na mudogo wetu Asmani anakula kwa watu wawili. Wewe je, kile kifua kilipona? Huko Ujiji wanakulisha nini?

Nianze na lawama, maana ndizo zilizonishikisha kalamu. Uliondoka siku tatu baada ya Uhuru, ukapanda meli pamoja na masanduku ya Muzungu wako wa vidudu, na mimi nikapewa habari na wachuuzi wa Magara. Mimi dada yako mkubwa, niliyekulea tangu una miaka sita. Umeniachia nyumba niliyoijenga kwa tofali elfu mbili na mia nne, nilizihesabu zote, na juu ya baraza yake umeniachia kiota cha nyigu kikubwa kama karai. Nilitaka kukichoma mwezi wa tatu, ukanizuia, ukasema Muzungu anawasoma.

Sasa watu hawaachi kuja kuwaangalia. Wanatoka hadi Gitaza. Wanasimama hatua nne kutoka barazani, wanatazama wale nyigu weusi wakipishana mlangoni kwao, kisha wanasogea hatua moja, kisha nyingine. Kila mtu anajua mbuzi wa jirani alivyoumwa akafa kabla hajafika majini, na bado wanasogea. Sijapata kuona kitu kama hiki. Kinachoweza kumuua mtu ndicho anachokitaka machoni.

Kosa ni lako. Jumapili ile ya Uhuru wewe ndiye uliyetangaza: bendera mupya tunayo, sasa tuone wanaume ni nani. Mtu aweke kiganja chini ya kiota, watu wahesabu hadi thelathini. Ulikuwa ukiwapokea pale ngazini kama bwana harusi. Waliojaribu walikuwa arobaini na mmoja. Walioumwa ni thelathini na wawili, tena kumi na wawili kati yao hawakufika hata kumi. Ambao hawakuguswa ni tisa, na wa mwisho kati yao ni Asmani wetu. Majina yao nimeyaandika kwa wino na karatasi nimeipigilia ukutani chini ya kiota, kwa sababu siku mbili tu baadaye walishajitokeza watu kumi na sita wanaosema nao hawakuumwa. Mimi sipendi hesabu ya uongo.

Asmani ana miaka kumi na tisa na anatembea kama chifu. Nimemwambia amalize kuchonga mtumbwi wa Amisi mvuvi, akanionyesha kiganja.

Niandikie jinsi ya kuwaondoa nyigu hawa bila kuunguza paa langu. Au uje mwenyewe.

Yaya yako,
Mwanahamisi


Ujiji, 11 Agosti 1962

Yaya Mwanahamisi,

Shikamoo. Barua yako ilinikuta mzima, kifua kimetulia, hewa ya huku ni kavu kidogo. Naomba nawe mgongo upoe. Mwambie Asmani nimemsalimia, na amalize mtumbwi wa watu.

Nisamehe kwa kuondoka vile. Ningekuaga ungenizuia, na ungenizuia ningebaki, wewe unanijua. Muzungu ameshapanda treni na masanduku kumi na moja ya wadudu waliokaushwa. Mimi nimepata kazi ya useremala bandarini Kigoma. Aliniachia kitabu kimoja chenye picha. Jioni nakifungua, naangalia nge na tandu na nyigu wa nchi zote, na nikikifunga nahisi vidole vinaniwasha. Kwa hiyo usiwacheke watu wa Gitaza.

Usiwachome. Watakufuata ndani. Ukiwapita polepole, bila kupunga mikono, hawana shida na wewe.

Ila ile karatasi iondoe ukutani, Yaya. Ilikuwa ni mchezo wa sikukuu. Ichome leo.

Mudogo wako,
Feruzi


Rumonge, 9 Februari 1968

Mudogo wangu Feruzi,

Marahaba, na amani ikufikie. Nimefurahi kusikia una mtoto wa pili. Mimi mgongo ni uleule, tumeshazoeana. Sasa nina mikeka thelathini ya kuanikia na wanawake watano wananisaidia, na hakuna aliyenishika mkono kufika hapa.

Karatasi sikuichoma. Uliniagiza nichome bila kuniambia sababu, na mimi si mtu wa kuagizwa. Lakini nakuandikia kuhusu karatasi hiyohiyo, maana kuna jambo limeniondolea usingizi.

Wale tisa wamekuwa watu wa pekee. Harusini wanapewa viti vya mbele. Ugomvi ukizuka sokoni, mmoja wao akifika watu wanaachana. Wanawake wanaleta watoto wachanga kwenye baraza yangu wawaonyeshe kwa nyigu. Léonard, yule mkata ngazi, ile mikungu ya mawese, anapanda michikichi bila kamba ya kiunoni. Nilimkanya. Akanijibu kutoka juu, huku anacheka, kwamba sumu ilimukataa, ndiyo ardhi itamuua? Hyacinthe mwalimu ni mtu wa shule, nilidhani yeye atakuwa na akili. Nilimuuliza. Akajibu kwa heshima: mama, mimi siamini, lakini tangu siku ile siogopi, na kutoogopa ni kitu kizuri.

Nikasema nihesabu. Kati ya thelathini na wawili walioumwa, kwa miaka hii mitano na nusu wamekufa saba. Homa wanne, ziwa wawili, mmoja tumbo. Kati ya tisa amekufa nani? Hakuna. Hata homa ya kulala siku tatu hawajaipata. Nimerudia hesabu hiyo mara nyingi nikitafuta kosa. Mimi si mwepisi wa kuamini mambo, wewe unanijua, lakini hesabu ni hesabu.

Na nyigu wenyewe wamebadilika. Mwaka jana, siku mia mbili na kumi na moja hawakumuuma mtu yeyote. Ninapofagia baraza wananyamaza wote kwa pamoja. Nikisimamisha ufagio, wanaanza tena.

Wewe uliishi na yule Muzungu miaka miwili, ulisoma mambo yao. Nijibu swali moja tu: inawezekana nyigu akamchagua mtu?

Yaya yako,
Mwanahamisi


Rumonge, 19 Machi 1972

Feruzi,

Amahoro kwako na kwa watoto. Sisi tunapumua. Mgongo usiniulize.

Ni miaka minne tangu nikuulize swali moja. Umeleta kitambaa, umeleta sukari, umeleta salamu kwa kila mvuvi anayevuka. Kuhusu nyigu, hata neno. Sasa nakuuliza kwa mara ya mwisho, na safari hii jibu lako ni uhai wa Asmani.

Wiki mbili zilizopita walikuja watu wawili kwa mtumbwi kutoka ng'ambo. Wapole, mashati safi. Walikuja kama wengine, wakasimama hatua nne, wakawaangalia nyigu muda wa kuiva wali. Kisha wakaniomba majina ya wale tisa. Nikaenda ukutani kuwaonyesha karatasi. Haikuwepo. Msumari ulikuwepo na kipande cha karatasi kama ukucha. Mmoja wao akainua kidole. Unajua nyigu wanatafuna mbao kujengea. Katikati ya kiota kulikuwa na mstari wa buluu, rangi ya wino wangu, umezunguka kama ukanda. Walikuwa wameitafuna orodha na kuitia nyumbani kwao.

Yule mtu akasema taratibu: unaona, mama, wamewaweka ndani.

Mimi nikayataja majina yote tisa kwa kichwa, bila kukosea. Nakuambia ukweli: nilijivunia. Miaka kumi kasoro na sijasahau hata moja.

Ndipo waliponiambia. Kuna vita inakuja, na wanaume hawa wanahitajika mbele. Aliyekataliwa na mwiba wa nyigu, risasi nayo itamkataa. Watanywa maji fulani kuthibitisha tu, kwa sababu nyigu walishamaliza kazi.

Asmani ameacha mitumbwi. Shoka lake lina kutu. Analala kwingine na wale wanane, na akija hapa hakai. Nimemwambia ana miaka ishirini na tisa, aende kwako Ujiji mambo yapite. Alinitazama kama mtu anayemwonea huruma mtoto. Akasema: "Yaya, wanaokimbia ni wale wanaoweza kufa."

Nijibu. Kweli au si kweli.

Yaya yako,
Mwanahamisi


Ujiji, 2 Aprili 1972

Yaya wangu,

Shikamoo. Sisi wazima wa mwili. Nimeisoma barua yako mara nyingi na mke wangu ananiuliza nani amefariki.

Si kweli. Na anayejua kwamba si kweli ni mimi peke yangu duniani, kwa hiyo nisikilize.

Nyigu ana kifuko cha sumu mkiani. Ukikipasua, ile sumu ina harufu. Pua yetu haiipati, ila kwa nyigu wengine ni kama ngoma ya vita: popote ilipo, wanapashambulia. Muzungu alinionyesha kwa kijiti. Siku ya Uhuru nilisimama ngazini nikiwapa watu mkono mmoja mmoja. Ulidhani ni adabu. Kwenye kiganja changu nilikuwa nimesaga nyigu. Niliyempa mkono aliumwa.

Nilianza kwa utani, kwa wale wawili watatu wenye majigambo. Kisha nikaona jinsi umati ulivyotulia, jinsi watu wazima walivyokuwa wakinitazama kabla ya kutoa mkono, na sikuweza kuacha. Harufu ikikauka, nilikwenda nyuma ya nyumba kusaga mwingine.

Wale tisa hawakuchaguliwa na kitu chochote, Yaya. Wanaangalia kiganja kila asubuhi, na kiganja hakina kitu. Wengine walipita nilipokuwa nyuma ya nyumba. Léonard alikuwa ameshika kuku, hakuwa na mkono wa kunipa. Hyacinthe aliniinamia kutoka mbali. Asmani ndiye pekee niliyemkwepa kwa kusudi, maana ni mudogo wangu.

Hesabu yako ya mwaka 68 haikuwa na kosa. Ilikuwa bahati, na watu wanaoheshimiwa hulishwa vizuri. Niliisoma barua ile nikajua ninachotakiwa kujibu. Niliona haya. Siku zikawa mwezi, mwezi ukawa mwaka, na kila mwaka haya ilikuwa nzito zaidi.

Msomee barua hii. Msomee yote, hata pale ninapojiaibisha. Kisha mlete.

Mudogo wako,
Feruzi


Rumonge, 16 Aprili 1972

Feruzi,

Sikusalimii kwa sababu nikikusalimia nitasema uongo. Watoto wako nawasalimia.

Nimemsomea. Alikaa chini akasikiliza hadi mwisho, hakunikatiza. Unajua yeye shule ilimshinda tangu mwanzo, herufi kwake ni sisimizi, kwa hiyo nilisoma polepole na neno sikuruka. Alipoinuka alisema: "Kaka Feruzi alitukimbia siku tatu baada ya Uhuru. Sasa anataka niamini kwamba hata siku ile ilikuwa yake." Akacheka. Akaniambia nikuandikie kwamba wivu ni mbaya kuliko sumu.

Nikamwambia basi niwasomee wale wanane. Akasema nikijaribu, nitakuwa nimemuua mimi mwenyewe, maana wale wa ng'ambo hawamwachi mtu mwenye shaka akarudi nyumbani. Sijui kama alinitisha au alinionya. Sauti ilikuwa ya upole.

Tarehe 28, Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, watakuja wote tisa barazani kwangu. Wataweka viganja mbele ya wale wageni, kisha wataondoka kwenda milimani. Leo ni Jumapili. Nina siku kumi na mbili.

Sikuombi ushauri, wala sitaki toba yako. Nataka vipimo. Kiganja kimoja kinahitaji nyigu wangapi. Harufu inadumu kwa kuhesabu hadi ngapi. Mtu mzima mwenye kilo sabini anavumilia miiba mingapi. Anayeleta barua hii ni Amisi, mvuvi. Anasubiri jibu, usimrudishe mikono mitupu.

Mwanahamisi


Ujiji, 19 Aprili 1972

Yaya,

Shikamoo, na usiponijibu ni sawa.

Nyigu watatu. Wakamate alfajiri wakiwa wazito, uwaweke kwenye chupa. Wapasue wakati uleule, si kabla. Harufu inadumu hadi mia mbili, ikizidi sana mia tatu. Wewe mwenyewe usikaribie kiota, osha mkono kwa limau na majivu. Ishirini anavumilia. Hamsini sijui. Kuna watu ambao mmoja tu huwafunga koo, na kama yeye ni mmoja wao hatujui, kwa sababu hajawahi kuumwa. Hilo nalo ni kosa langu.

Usifanye, Yaya. Tafuta njia nyingine. Kama hakuna, uwe na maji na blanketi karibu, umtoe wewe, watu wasimpige kwa matawi kuwafukuza, nyigu wataongezeka.

Mudogo wako,
Feruzi


Rumonge, Jumapili 14 Mei 1972

Mudogo wangu Feruzi,

Amahoro. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mke na watoto wako, na kwamba kifua hakijarudi kukusumbua. Sisi huku tungali hai, mimi na Asmani. Mgongo, utashangaa, hauniumi kabisa tangu wiki mbili. Wasalimie majirani wote. Hamujambo, hamujambo, nasema mara mbili kwa sababu sijui nitasema tena lini.

Anayekuletea barua hii ni Asmani mwenyewe. Hajui kilichomo. Endelea kusoma peke yako.

Ijumaa ile walikuja wote tisa, wamefunga vitambaa vyeupe. Watu wa mtaa walijaa, hatua nne, kama siku ya Uhuru. Nyuma ya nyumba nilipasua nyigu watatu wa chupa. Nikazunguka, nikapanda ngazi nikasema ninataka kumuaga mudogo wangu. Asmani alikuwa wa mwisho kwenye mstari. Alitazama mkono wangu. Feruzi, alikuwa ameisikia barua yako, alijua. Angekataa, ingekuwa amekiri mbele ya watu kwamba anaogopa. Akanipa mkono, akaubana sana, huku ananitazama usoni.

Wa kwanza akaweka kiganja, watu wakahesabu. Nilikuwa nimepiga hesabu vibaya: wanane wakihesabiwa thelathini kila mmoja ni mia mbili na arobaini, nawe uliniambia mia mbili. Nilisimama pale, mkono nimeuosha, ninahesabu na wao, natamani waharakishe. Hyacinthe aliweka. Léonard aliweka, akawaita nyigu shemeji zake, watu wakacheka. Hakuna aliyeguswa. Asmani akaweka. Moja, mbili, tatu. Wakanyamaza, kama wanavyoninyamazia nikifagia. Kwenye tisa walishuka.

Nilihesabu miiba thelathini na minane baadaye, nilipokuwa ninaziosha alama. Pale sikuhesabu. Nilimtupia blanketi nikamburuta ndani. Wale wa ng'ambo hawakumsaidia. Mmoja alisema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba huyu si wetu. Wanane wakaondoka bila kugeuka.

Yaliyotokea kesho yake na siku zilizofuata umesikia hadi huko, sitayaandika. Wamekufa watu waliouawa na wale waliotoka milimani, na sasa wanakufa watu wanaochukuliwa na magari, na majirani zangu wako pande zote mbili. Kati ya wale wanane hakuna aliyerudi. Léonard nilimwona mwenyewe njia ya Magara, kifudifudi, mkono wa kulia mbele, kiganja juu. Nyigu wawili walikuwa wanatembea juu yake. Sikai kuwaza walitoka wapi, nyigu wako kila mahali.

Asmani alilala siku sita macho hayafunguki. Koo lilifunga mara mbili, likafunguka. Amepona. Hajaniambia neno hata moja tangu siku ile. Anakula ninachomwekea, nikishatoka.

Sasa kuna hili. Kwenye chupa nilikuwa na nyigu watatu. Kiganja kimoja ni nyigu watatu, viganja tisa ni ishirini na saba, na juu ya baraza yangu walikuwepo mia tatu au zaidi. Nilikuwa na siku za kutosha. Nilikuwa na haki ya kumuaga kila mmoja wao, wote walinywa uji kwangu. Ishirini na saba haikunijia akilini hata mara moja. Mimi, niliyewahi kuhesabu tofali za ukuta wangu. Hyacinthe alikuwa na watoto wanne.

Jana, Jumamosi, walikuja askari watatu na karani mmoja wa ofisi ya komini. Mtu amewaambia kwamba kwa mwanamke mwenye nyigu kulikuwa na orodha ya watu tisa. Niliwaonyesha ule mstari wa buluu, nikawaambia orodha imeliwa. Karani ni wa hapa, anajua kichwa changu. Akanisukumia daftari, akasema: "Mama, wewe hausahau. Andika." Niliandika majina manane. Waliokufa, na hayawezi kuwaua tena. Karani akahesabu kwa kidole, akasema iko inapungua moja.

Asmani alikuwa nyuma ya ukuta, chini ya magunia ya ndagala, hatua sita kutoka kwenye daftari.

Nikaandika la tisa. Karani akasoma, akaniangalia, akasoma tena. Nikamwambia ndiyo, wa tisa ni mimi mwenye nyigu. Askari hawakuwa na nafasi kwenye gari, lilikuwa limejaa. Wamesema nisitoke, watarudi Alhamisi.

Usiniandikie kwamba nikimbie. Fanya hesabu kabla ya kunilaumu. Amisi anaondoka na Asmani leo jua likizama. Wanapiga kasia gizani tu, mchana wanajificha kwenye matete. Leo, kesho na Jumanne hadi Kabonga. Jumatano wanavuka mpaka. Nikiondoka nao, asubuhi nyumba itakutwa tupu, na watatafuta ziwani siku tatu kabla hatujafika. Nikiwa hapa nafagia baraza, na nyigu wanaonekana kutoka barabarani, hakuna anayetafuta mtu. Asmani nimemwambia nitafuata Ijumaa nikishafunga nyumba.

Nilimnyooshea mkono kumuaga. Aliuficha wake nyuma.

Mpe kazi ya mbao. Asikae bure, anapokaa bure anaangalia kiganja.

Yaya yako,
Mwanahamisi


Ujiji, 2 Juni 1972

Yaya,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu. Mbili za kwanza wavuvi wamenirudishia, wanasema hawafiki Rumonge. Hii nampa Amisi. Amesema atajaribu.

Asmani alifika Ijumaa tarehe 19. Mwembamba, alama zimebaki shingoni. Nimempa kazi bandarini, anachonga vizuri kuliko mimi. Wiki ya kwanza jina lako hakulitaja. Mtu akimpa mkono anaangalia kwanza.

Sijamwambia habari ya jina la tisa. Kila siku nasema leo, kisha nasema ngoja nimuulize Yaya, maana tangu nina miaka sita jambo zito halikupita bila wewe kusema. Nimwambie? Nijibu hilo tu, hata kwa neno moja, hata kwa mdomo wa mvuvi.

Siku ya nane alikuja na barua yako mkononi. Nilikuwa nimeificha, akaipata. Akaigeuza juu chini, akasema nimsomee. Nikamsomea pale mwanzo, kifua changu, mgongo wako, majirani. Nikafika penye hamujambo nikakunja karatasi, nikasema basi, imeisha. Alisema ni karatasi nyingi kwa salamu. Nikamwambia Yaya ana mwandiko mkubwa.

Tangu hapo kila jioni analeta barua. Sina la kufanya, namsomea palepale. Jana nilipokunja akanizuia. Akasema: "Anza tena, pale anaposema tungali hai."

Nikaanza tena.

Mudogo wako,
Feruzi